Hiki au kile? Ulinganisho wa vitu vinavyosahaulika kwenye safari ya uwindaji ya siku 21

Siku ya tisa porini Rungwa, bosi mmoja niliyekuwa namwendesha alishuka garini, akatoa kibali mfukoni, akakisogeza mbali na uso, akakirudisha karibu, akakisogeza tena. Bunduki yake ilikuwa .375 ya bei ya kiwanja, na darubini yake ingeweza kukuonyesha twiga akipepesa kope ng'ambo ya mbuga. Miwani ya kusomea ilikuwa imebaki mezani kwake Dar es Salaam. Kuanzia siku hiyo askari wa wanyamapori ndiye aliyemsomea kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye boksi la Panadol.

Hakuna anayesahau bunduki, wala hema, wala unga. Kinachosahaulika ni kile kidogo cha shilingi elfu mbili tatu, ambacho mjini unakipata dukani kwa Mangi kabla chai haijapoa. Nimepakia magari ya kambi misimu 14, mingi Rungwa, michache Moyowosi na kusini mwa Selous, na kila msimu kabla ya Julai swali ninaloulizwa ni lilelile: "Kaka, nichukue hiki au kile?"

Kipimo changu hakijabadilika. Jiulize: siku ya 12 kitu hiki kikivunjika au kikiisha, nini kinafuata? Naweza kukitengeneza kwa kisu na mpira wa tyubu? Duka la kijiji cha karibu linacho? Mwenzangu anaweza kukitumia usiku bila kufundishwa? Ukipata ndiyo mbili kati ya hizo tatu, kipandishe garini. Ukikosa zote, kiache hata kama kilinunuliwa Ulaya.

Naongea na wenye leseni na vibali halali, wanaotoka na askari wa wanyamapori. Ndugu zangu wa Kenya, kwenu uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, lakini mengi ya humu yatawafaa hata kwenye kambi ya kutazama tu.

Kaki, mabaka au jinzi

Naanza na nguo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteseka mapema zaidi, na wanateseka bure.

Mitego ya mbung'o inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Utaiona imening'inia kandokando ya barabara za mapori yenye mbung'o wengi. Imeshonwa hivyo kwa sababu mbung'o anazifuata rangi hizo. Sasa mtu anakuja na jinzi ya bluu na jaketi jeusi, anakaa nyuma ya gari la wazi, halafu anashangaa kwa nini mwenzake mwenye shati la kaki anaumwa mara mbili na yeye mara ishirini. Amejigeuza mtego. Kaki, kijani cha majani makavu na kahawia ndizo rangi za kazi. Na kitambaa kiwe kizito, maana mbung'o anapenya fulana kama haipo.

Wageni kutoka Marekani wamezoea kuwinda wamevaa mabaka. Kwao ni nguo ya kawaida ya porini. Hapa Tanzania raia aliyevaa nguo zinazofanana na za jeshi anajitafutia maswali, na kizuizi cha barabarani si mahali pa kueleza kwamba ulinunua dukani kwenye punguzo. Kati ya kaki na mabaka, hakuna cha kulinganisha: chukua kaki.

Dawa ya kupaka ya mbu beba, lakini kwa ajili ya mbu. Mbung'o haimshughulishi sana. Kinachosaidia zaidi garini ni moshi: kopo la kilo nne la rangi lililotobolewa matundu, linafungwa kwa waya nyuma ya gari, ndani yake linawekwa donge kavu la mavi ya tembo na kaa moja la moto. Moshi wake ni mzito, mweupe, una harufu ya majani makavu yaliyolowa. Jioni shati lako litanukia hivyo, na utalala vizuri tu. Ni dawa isiyoisha, maana malighafi yake iko njiani. Cha kukumbuka mjini ni kopo na waya.

Kitu kingine cha nguo: sweta. Watu wakisikia pori wanafikiria joto. Nenda Rungwa mwezi wa saba, panda gari la wazi saa kumi na moja alfajiri, utajua uwanda wa kati una baridi yake. Kati ya jaketi kubwa moja na nguo tatu nyembamba za kuvaliana, chukua tatu nyembamba. Saa nne asubuhi utakuwa unavua moja moja, na jaketi kubwa likishavuliwa halina pa kwenda.

Taulo au kikoi? Kikoi. Kinakauka kabla hujamaliza kunywa chai, unajifunika nacho, unafunga nacho kichwa vumbi likizidi, unachujia maji, na mtu akivunjika mkono ndicho cha kumtundikia. Taulo zito likilowa siku ya pili linaanza kunuka na haliachi mpaka mwisho wa safari.

Miguu

Wasoma nyayo wazee niliofanya nao kazi wengi walivaa katambuga za tairi au raba nyepesi. Wanatembea kimya, jani linawaonya kabla halijavunjika. Usiwaige. Miguu yao ina miaka arobaini ya kazi hiyo na yako ina miaka arobaini ya lami. Kwa mgeni wa pori, buti la ngozi laini linalofunika kifundo linashinda, kwa sharti kwamba limeshavaliwa mwezi mzima kabla ya safari. Buti jipya ni baya kuliko katambuga. Nimembeba mgongoni mtu mzima wa kilo tisini kuvuka korongo kwa sababu ya buti jipya.

Soksi za pamba zinanyonya jasho na kulishika. Mguu unalainika, unachubuka. Za sufu au za mchanganyiko zinakaa kavu zaidi. Beba jozi nne, na kamba za viatu jozi mbili za ziada. Kamba za viatu ndizo nambari mbili kwenye orodha yangu ya vilivyosahauliwa, baada ya miwani.

Halafu kibano. Miiba ya mgunga inaingia na kuvunjikia ndani. Sindano ya kushonea itafukua na kuacha kidonda. Kibano chenye ncha kali kinavuta. Vyote viwili ni vyepesi, beba vyote viwili, ila kibano kikae mfukoni na sindano ikae na uzi. Na ukipita kwenye upupu, usijikune wala usikimbilie maji. Chukua tepu pana, bandika, bandua, bandika, bandua, mpaka vinyweleo vyake vitoke. Ndiyo maana tepu iko kwenye orodha yangu hata kama huna cha kufunga.

Nyama na ngozi: hapa ndipo pesa zinapopotea

Mtu amelipia leseni, amelipia kambi, amefuatilia nyati siku nne, amempata. Halafu nyama inaoza na ngozi inanyonyoka manyoya kwa sababu ya kitambaa na chumvi. Hapa nitakaa kidogo.

Mfuko wa nyama kwanza. Kuna tatu ambazo watu huzifikiria. Wa kwanza ni mfuko wa plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo hata swali lisingekuwepo, lakini bado kuna watu wanaficha mirundo ya mifuko mikubwa chini ya kiti. Tuache sheria. Nyama yenye joto ikifungwa kwenye plastiki inatoa jasho, jasho halina pa kutokea, na asubuhi ukifungua utasikia harufu kabla hujaona rangi. Wa pili ni salfeti, kile kiroba cha unga au mbolea. Kinapumua kidogo, ni imara, kinapatikana popote. Tatizo ni nyuzi zake zinazochomoka na kung'ang'ania kwenye nyama, na hujui kilibeba nini kabla yako. Kama kilikuwa cha mbolea, weka mkaa humo.

Wa tatu ni mfuko wa marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi ambayo bibi zetu walishonea mashuka. Nunua mita kumi, mpelekee fundi cherehani, mwambie akushonee mifuko mirefu yenye kamba mdomoni. Paja la nyati linaingia lote. Kitambaa kinapumua, uso wa nyama unakauka na kufanya gamba, nzi wanakaa nje. Ukishatumia unafua kwa maji ya chumvi, unaanika, kesho unautumia tena. Marekani inashinda kwa mbali, na bei yake yote haifiki ya risasi chache.

Onyo moja. Usifunge nyama kwa chandarua cha zamani cha kitandani. Vyandarua vingi tunavyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo si ya kuliwa. Nimeona kambi nzima ikifanya hivyo kwa nia njema.

Sasa chumvi. Ya mawe au laini? Kwa nyama ya kukausha, yoyote. Kwa ngozi ya kumbukumbu, laini, na nitaeleza kwa nini. Ngozi mbichi inaanza kuharibika saa chache tu baada ya kuchunwa. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya ngozi, na lazima igusane na kila sehemu. Punje kubwa ya chumvi ya mawe inagusa hapa, inaruka pale, na pale iliporuka manyoya yananyonyoka kama ya kuku aliyetiwa maji moto. Punje laini inaingia kwenye mikunjo ya masikio, midomo na kope, na huko ndiko kunakoharibika kwanza.

Mzee mmoja wa Kinyamwezi ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anakwangua nyama na mafuta yote mpaka ngozi inang'aa kijivu, anageuza masikio ndani nje kama soksi, halafu anasugua chumvi kwa kiganja, si kwa kunyunyiza. "Sugua kama unamwosha mtoto," alikuwa akisema. Baadaye anailaza kivulini kwenye mteremko ili maji yachuruzike. Kesho yake anaikung'uta ile chumvi iliyolowa, anaweka mpya, na baada ya hapo ndipo inaanikwa, bado kivulini. Jua kamwe. Ngozi ya juani inakuwa ngumu kama bati na hairudi.

Kiasi? Hesabu ya zamani ni kilo kwa kilo: ngozi ya kilo kumi, chumvi kilo kumi. Watu wanabeba pakiti nne za nusu kilo na kudhani wamemaliza. Ikipatikana isiyo na madini joto ni bora kwa ngozi, maana madini hayo yanaweza kuacha madoa. Ya chakula iwe na madini joto yake kama kawaida. Ukikosa chumvi laini ya kutosha njiani, chumvi ya Uvinza kule Kigoma au ya pwani ya Bagamoyo inatwangika kwenye kinu. Na tenganisha magunia. Msimu mmoja mpishi alichota kwenye gunia lililokwishatumika kwenye ngozi ya nguruwe pori, na tulikula mchuzi ule mpaka mwisho ndipo akagundua. Hakuna aliyeumwa, lakini hakuna aliyesahau.

Kisu

Visu vya kubadilisha wembe vimeingia sana siku hizi. Ni vikali kweli, na kwa kuchuna uso wa swala ukiwa na subira ni vizuri. Lakini wembe wake ni mwembamba. Ukiupinda kwenye kiungo cha nyati unakatika, na kipande kinabaki ndani ya nyama kikimsubiri mlaji. Ukiishiwa nyembe siku ya 12, una mpini mzuri wa plastiki.

Kisu cha kawaida chenye bapa la inchi nne au tano na jiwe la kunolea lenye pande mbili kinakwenda safari nzima na nyingine kumi. Hapa kinachosahaulika ni jiwe. Watu wanabeba visu vitatu bila jiwe, na siku ya tano wana vijiko vitatu.

Maji

Kambi kubwa zina maji yake, lakini ukilala nje siku mbili tatu ukifuatilia nyayo, unakunywa unachokikuta: dimbwi walilooga nguruwe, au shimo ulilochimba kwenye mchanga wa mto uliokauka. Njia tatu nimezipanga hivi:

| | Kuchemsha | Vidonge vya klorini | Chujio la mkono |
|---|---|---|---|
| Maji yenye tope | Yanachemka, tope linabaki | Nguvu ya dawa inapungua | Linaziba haraka |
| Muda | Kuni, sufuria, kusubiri yapoe | Kama nusu saa | Papo hapo |
| Virusi | Vinakufa | Vinakufa kwa kipimo sahihi | Machujio mengi ya mkono hayavizuii |
| Kikiharibika siku ya 12 | Hakiharibiki | Nunua tena duka la dawa mjini | Basi |

Mimi huchukua vidonge kwa ajili ya njiani na kuchemsha kambini. Chujio la mkono ni zuri kwa mtu mmoja mwenye nidhamu ya kulisafisha kila jioni, na sijakutana na wengi wa hivyo. Lakini chochote utakachochagua, tope litolewe kwanza. Kipande cha shabu, kile kile cha kinyozi, ukikizungusha kwenye ndoo na kuacha maji yatulie, tope linashuka chini. Kisha mimina taratibu kupitia kikoi. Shabu haiui vijidudu, inasafisha njia tu ili dawa ifanye kazi. Ni jiwe la bei ya andazi, na katika misimu yote hiyo nimekuta wateja wawili tu waliolikumbuka.

Tochi na moto

Tochi ya kichwani ya kuchaji ni nyepesi, mwanga wake ni mkali, na gari au sola inaijaza. Ya betri ni nzito kidogo. Ningesema chukua ya kuchaji, isipokuwa gari likilala mbali au mawingu ya Novemba yakifunga siku tatu, unabaki gizani. Zipo zinazokubali vyote, chaji na betri. Hizo ndizo za kununua. Ukinunua ya betri, angalia ukubwa: maduka ya vijijini yana betri kubwa za redio, na mara nyingi zile ndogo za AA. Zile nyembamba za AAA utazitafuta mpaka Itigi.

Kiberiti cha gesi au cha njiti? Vyote ni bei ya pipi. Cha gesi mfukoni, cha njiti ndani ya kopo la dawa lililofungwa vizuri. Na kipande cha mpira wa tyubu: kinashika moto hata kuni zikiwa zimelowa, kinafunga mzigo, kinashikilia kioo cha gari kilicholegea, kinashika soli ya buti iliyoachama. Kamba za parashuti ni nzuri, zinauzwa ghali na zinaonekana kishujaa. Mpira wa tyubu unapewa bure na fundi wa pancha. Ukibeba kimoja tu, beba mpira.

Boksi la dawa au kipochi

Kila kambi ina boksi kubwa la huduma ya kwanza, jekundu, lina msalaba. Liko kambini. Wewe uko kilomita 40 kutoka kambini, na mwenzako amejikata kiganja kwa kisu kilichonolewa na lile jiwe nililokusifia. Ndiyo maana kati ya boksi kubwa na kipochi cha kiunoni nachagua kipochi, halafu boksi liwe la kukijazia.

Ndani ya kipochi changu: chumvichumvi za kuongeza maji mwilini pakiti tatu, bandeji ya kuvutika, gozi, plasta, dawa ya maumivu, dawa ya mzio, kile kibano, na mkanda wa kubana damu wenye kijiti cha kusokotea. Huo mkanda watu husema "nitatumia mkanda wa suruali". Jaribu nyumbani kwa mguu wako mwenyewe uone kama unabana. Pembe ya nyati au risasi iliyopotea haikupi muda wa kujifunza. Lakini ni wa damu inayoruka, si wa nyoka. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi, hafyonzwi, hafungwi kamba. Analazwa, kiungo kinatulizwa kisitikisike kama kilichovunjika, na gari linawashwa kwenda hospitali. Dawa ya sumu ya nyoka yenyewe usibebe. Ni ya hospitali, mbele ya mtu anayejua madhara yake.

Malaria: kipimo cha haraka na dawa mseto, vyote viwili. Wengi wanabeba dawa bila kipimo, wanameza kila homa, na homa ya kweli inapokuja dawa zimeisha. Na kama umeumwa na mbung'o halafu wiki chache baadaye ukiwa mjini unapata homa isiyoeleweka, au uliona kidonda palipoumwa, mwambie daktari ulikuwa pori gani. Malale haipo akilini mwa daktari wa mjini mpaka umtajie.

Dawa zako mwenyewe, za presha, za sukari, hesabu siku 21 na ongeza wiki nzima. Magari yanaharibika. Zikae katikati ya begi la nguo, si kwenye dashibodi. Mchana wa Oktoba dashibodi inakaanga yai. Na miwani, jamani. Jozi mbili.

Simu

Simu ya kawaida kwenye mapori mengi ni tochi yenye picha za watoto. Simu ya setilaiti inakupa sauti ya mtu, unaweza kumweleza daktari unachokiona, ila ni ghali na chaji yake inataka uangalizi. Kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni chepesi, chaji inakaa siku nyingi, na kinatuma mahali ulipo bila wewe kujua kueleza "tuko karibu na mbuyu mkubwa". Kwa kundi lenye simu ya upepo garini na kambini, kile kifaa kidogo kinatosha kuwa akiba. Kwa kundi lisilo na simu ya upepo, simu ya setilaiti. Kabla hujaingiza chochote cha setilaiti nchini, ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, vibali vyake, usisubiri kuulizwa uwanja wa ndege.

Nakala za vibali kwenye simu ni akiba, si mbadala. Karatasi halisi ndani ya bahasha isiyopitisha maji, mfukoni mwa mwenye kibali.

Gari

Mkonga wetu, ile Land Cruiser ya kazi, hauna shida na mchanga wala korongo. Adui yake mwezi wa saba ni mbegu za majani. Nyasi zimekauka, zinafika kwenye boneti, ukipita zinapukutika na kuingia kwenye rejeta kama unga wa ungo. Saa mbili baadaye mshale wa joto unapanda na dereva mpya anaanza kumlaumu fundi. Ukifungua boneti unakuta rejeta imevaa sweta.

Watu wana njia mbili. Kuna wanaosimama kila saa na kusafisha kwa brashi. Na kuna wanaofunga wavu wa madirishani mbele ya grili kwa vipande vya mpira wa tyubu, wanauvua, wanaukung'uta, wanaurudisha. Wavu unashinda, na hapa chandarua cha zamani ambacho nilikukataza kufungia nyama kinapata kazi yake halali. Brashi beba pia, ya mkono mrefu, kwa ajili ya chini: nyasi kavu zikisongamana kwenye ekzosi zinashika moto. Niliwahi kuona mkonga ukifuka moshi kwa chini huku waliomo wakipiga picha za palahala. Tulizima kwa maji ya kunywa, lita 20 zote, na hapo ndipo nilipojua thamani ya shabu.

Kompresa ya umeme au pampu ya mguu? Kompresa ni raha mpaka fyuzi iungue. Pampu ya mguu inakutoa jasho na haina fyuzi. Kwa gari moja peke yake porini, beba zote mbili; kwa magari mawili yanayotembea pamoja, kompresa moja na pampu moja. Viraka, gundi mpya (ya mwaka jana imekauka, fungua uone), na tairi mbili za akiba.

Kisha ufunguo wa akiba. Kila mtu anao, na karibu kila mtu anauacha ndani ya begi, ndani ya gari, ambalo ndilo limejifunga. Wengine humwachia mpishi kambini, na hiyo ni afadhali kidogo, ila mpishi yuko kilomita 40. Mimi hufunga mmoja shingoni kwangu na wa pili nampa msoma nyayo aufunge kwenye mkanda wake. Mara ya mwisho nilipoulizia ule wa pili tukiwa chini ya mbuyu na gari limejifunga, mzee msoma nyayo aliutoa kiunoni bila kunitazama, akaniuliza kama miwani ya bosi imekuja safari hii.